Mafaili yangu yaliponigomea, nikahamia Inkscape na wenzake

Ilikuwa usiku, nimeshazima taa ya mezani, simu ikaita. Mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja niliyemtengenezea nembo kama miaka 4 nyuma. "Dada samahani kwa usumbufu, ile nembo yetu pale chini kuna namba ya simu, sasa namba tumebadilisha, naomba uniwekee mpya maana kesho asubuhi bango linaingia kwa mchapaji." Nikamwambia mama wala usijali, hiyo ni kazi ya dakika 5. Na kweli ni kazi ya dakika 5, unafungua faili, unabofya maandishi, unafuta, unaandika, unasevu, unalala.

Programu ikafunguka, afu badala ya kunipeleka kwenye kazi ikaniletea dirisha katikati ya skrini, malipo ya mwezi hayajapita, sasisha taarifa zako za malipo ili uendelee. Kadi yangu ya benki ilikuwa imeisha muda na mpya sijaipata. Nikafunga lile dirisha, programu nayo ikajifunga. Nikazima intaneti nikidhani itasahau, wapi. Nikajaribu kufungua faili moja kwa moja kwa kulibofya mara mbili, dirisha lile lile. Nikakaa pale naitazama ile ikoni. Faili liko kwenye laptopu yangu, jina lake nimeliandika mwenyewe, kila mkunjo uliomo ndani nimeuchora mimi, na kulifungua siwezi.

Kwenye barua pepe za zamani nikaokota JPEG ya ile nembo, ndogo, ile niliyomtumia mama aikague kabla hatujamaliza. Hiyo ndo mali yote niliyobaki nayo. Nikapakua Inkscape, programu ya bure ya kuchora niliyokuwa naisikia tu kwa watu, nikaingiza ile JPEG, nikatafuta ile amri ya kugeuza picha kuwa vekta, yaani mchoro wa pointi na mistari unaoweza kuukuza bila kuchakaa, nikabofya, na kweli ikafuatisha. Kwa mbali ilikuwa nembo kabisa. Nilipovuta karibu na kuwasha zana ya pointi, jani moja la ile nembo ambalo mwanzo nililichora kwa pointi 4 sasa hivi lilikuwa limezungukwa na pointi kama siafu, kwa sababu JPEG ndogo ina ukungu kwenye kingo na programu ilikuwa imeufuatisha ukungu wote bila kubakiza. Nikafuta. Nikaiweka JPEG chini, nikaififisha, nikafunga leya yake, yaani tabaka lake, isisogee, nikachukua kalamu ya Bezier, ile zana ya kuchora mikunjo, nikaanza kuchora upya juu yake pointi kwa pointi, programu yenyewe siijui, kila kitu nakitafuta kwenye menyu. Saa 9 usiku ndo nikaandika ile namba mpya.

Mpaka leo nikiulizwa kwa nini nilihama watu wanategemea nitaje bei. Bei ilikuwepo, kila mwezi inakatwa uwe na kazi usiwe nayo, lakini bei ningeivumilia, miezi mingi kazi zenyewe zilikuwa zinailipa. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote ile nilikuwa nalipa kodi ya kazi zangu mwenyewe, yaani nyumba nimejenga mimi, tofali nimepanga mimi, afu ufunguo anao mtu mwingine na siku akitaka anabadilisha kitasa. Programu yenyewe ni nzuri, silifichi hilo, na jina lake silitaji kwa sababu shida haiko kwa mmoja, programu yoyote inayosevu kazi yako kwenye aina ya faili ambayo yeye peke yake ndo anaijua vizuri itakufikisha pale pale.

Kiswahili hapa kinatusaidia sana. Wanaotumia Kiingereza neno lao moja, free, linabeba cha bure na kilicho huru, kila mara inabidi wafafanue wanamaanisha lipi. Sisi tunayo maneno mawili kabisa, na tofauti yake ndo kitu nilichotakiwa kukijua mapema. Ziko programu za bure ambazo si huru hata kidogo, unafungua akaunti, unachora ndani ya braoza, kazi inakaa kwao, kesho wakisema kuanzia leo kueksipoti faili kubwa ni kwa wanaolipia umerudi ulikotoka. Afu ziko programu huria, msimbo wake uko wazi chini ya leseni kama GPL, yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, na toleo likishaachiwa hivyo hakuna wa kuja kukunyang'anya. Inkscape yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo. Kulikuwa na programu inaitwa Sodipodi, mwaka 2003 watengenezaji wanne wakatofautiana na mwelekeo wake, wakachukua msimbo ule ule wakaenda kuanzisha yao, na kisheria hakuna aliyekuwa na cha kuwazuia. Blender, ile ya 3D, mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nyuma yake ilifungwa, watumiaji wakachanga euro 100,000 ndani ya wiki 7, msimbo ukanunuliwa na kuachiwa huru, na mpaka leo ipo. Mimi 3D sifanyi ila hiyo habari naipenda, watu wa kawaida waliamua kwamba kazi zao hazitakufa na kampuni.

Niseme na hili, ile usiku ya nembo haikuwa mara yangu ya kwanza kugusa hizi programu. Kama miaka 2 kabla nilipakua GIMP, programu huria ya picha, nikakaa nayo siku 2 nikaifuta kwa hasira. Nilibonyeza Ctrl+S ili nisevu JPEG, ikanikatalia, ikaniambia kusevu ni kwa XCF tu, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ukitaka JPEG au PNG nenda kaeksipoti. Nikaona hawa watu wanapenda kusumbua. Leo huo utaratibu naupenda kuliko kitu chochote ndani ya GIMP, kwa sababu XCF inabeba leya zako zote na JPEG inazibana zote kuwa picha moja, na mtu ambaye hajawahi kusevu JPEG juu ya kazi yake ya siku nzima akapoteza leya zote hawezi kunielewa. Wao wametenganisha milango miwili, huku kazi yako, huku nakala ya kumpa mteja. Wameanza hivyo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012.

Ila kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilikuwa naitaka GIMP inichoree nembo, inipangie kurasa za brosha, inisafishie picha, yote humo humo, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya, programu moja niliyoijua zaidi naitumia kwa kila kitu hata kama siyo kazi yake. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu siku hiyo ni programu ya picha, ya pikseli, vidoti vidogo vya rangi. Nembo unaitaka iingie kwenye kadi na iingie kwenye bango la mita 6 bila kuchakaa, hiyo ni kazi ya vekta. Kuna watu wakikusikia unalalamikia programu wanakwambia mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini hata mkulima hapalilii kwa shoka.

Kwa hiyo nilipoanza upya baada ya ile usiku nilifanya kitu kimoja tu tofauti. Niliacha kutafuta programu ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, nikachukua daftari nikaandika kazi ninazofanya kwa mwezi mzima, afu kila kazi nikaitafutia mahali pake. Nembo, vibandiko, mabango, michoro ya maelezo, yote Inkscape. Kusafisha picha, kukata mtu atoke kwenye mandhari, kurekebisha mwanga, GIMP. Kuchora kwa mkono kwa kalamu ya tableti, jalada la kitabu cha watoto kwa mfano, Krita. Vitabu, majarida, brosha, chochote chenye kurasa nyingi na maandishi marefu, Scribus. Ukiniuliza ipi bora kati ya hizo 4 siwezi kukujibu, ni kama kuuliza kipi bora kati ya sufuria na mwiko.

Inkscape ndo nakaa nayo zaidi kwa hiyo niiongelee. Kitu kilichonishika kwanza ni tarakimu za kibodi, ukibonyeza 3 inakuletea ulichochagua kijae kwenye skrini, 4 mchoro wote, 5 ukurasa mzima, unaenda mbele na kurudi nyuma bila kugusa chochote kwenye menyu na baada ya wiki mkono unafanya peke yake. Kitu cha pili ni kloni. Nilikuwa na kazi ya vibandiko vya chupa, 24 kwenye karatasi moja, zamani nilikuwa nanakili kimoja mara 23 na mteja akisema ongeza herufi moja nafuta vyote naanza upya. Kwenye Inkscape unatengeneza kimoja, unabonyeza Alt+D, kinatokea pacha ambaye anamfuata mama yake, ukibadilisha rangi ya mama vyote 23 vinabadilika pale pale unaviona. Nilibaki nabadilisha rangi tu nyekundu, kijani, nyekundu, naangalia karatasi nzima inageuka. Na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022 faili moja linaweza kuwa na kurasa kadhaa, kwa hiyo mbele na nyuma ya kadi vinakaa pamoja, kabla ya hapo ilikuwa ni mafaili mawili na siku moja utasahau kutuma la nyuma.

Vidole ndo vilinitesa. Wiki 3 za kwanza akili inajua imehama ila mkono haujui, unabonyeza shotikati ya kule unapata kitu kingine kabisa huku. Inkscape ina seti za shotikati za kuigiza programu nyingine, ziko kwenye mapendeleo upande wa kibodi, unachagua tu. Nilizitumia wiki moja nikaziacha, na nakushauri usizianze kabisa, kwa sababu kila somo utakalolifuata na kila mtu utakayemwomba msaada atakutajia shotikati za Inkscape yenyewe, na wewe utakuwa unatafsiri kichwani siku zote. Bora uumie wiki 3 yaishe. Nilichofanya ni kubandika kikaratasi pembeni ya skrini, shotikati 5 tu, nikizizoea nakitoa nabandika kingine chenye 5 nyingine.

Sasa tuje kwenye kuchapa, hapa ndo watu wengi wanarudi walikotoka na mi nilikaribia kurudi. Jalada la kitabu, nimelichora lote Inkscape, mandhari ya bluu iliyoiva, nimeeksipoti PDF nimepeleka. Nakuja kuchukua sampuli, bluu yangu imekuwa kama zambarau iliyofubaa, na maandishi madogo ya nyuma ya jalada yana kama kivuli. Nikamwambia mchapaji kaka hii siyo bluu yangu. Hakubishana. Akatoa kioo cha kukuzia, akakiweka juu ya herufi moja, akanipa nafasi nichungulie. Ile herufi niliyoiona nyeusi ilikuwa na ukingo wa pinki upande mmoja na wa bluu mpauko upande wa pili, na katikati nyeusi imejazana rangi nyingine chini yake. "Dada, herufi ndogo kama hizi unaniletea wino nne? Karatasi ikisogea kidogo tu ndo unapata hiki. Niletee nyeusi tupu."

Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, hiyo ndo RGB. Mashine ya kuchapa inatengeneza kwa wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ndo CMYK, na kuna rangi ambazo mwanga unazifikia na wino haufiki, bluu kali ndo ya kwanza kuanguka. Inkscape inafikiri kwa RGB, GIMP vile vile, PDF zao zinatoka na RGB, na mashine ya mchapaji ndo inaamua itafsiri vipi, nyeusi ya RGB inageuzwa kuwa mchanganyiko wa wino zote nne. Siyo kosa la mchapaji na kwa kweli hata siyo kosa la programu, ni mi nilikuwa nimeruka hatua, ile programu ya zamani ilikuwa inanifanyia bila kuniambia na kwa hiyo sikuwahi kujifunza.

Dawa yake kwangu ni Scribus. Imeanza mwaka 2001 na kwa sura inaonekana hivyo, paneli zake zimekaa kizamani, ila kwenye mambo ya kuchapa inajua inachofanya. Mchoro nautoa Inkscape kama SVG, aina ya faili ya michoro ya vekta, nauingiza Scribus, afu naenda kwenye orodha ya rangi na pale nakuta rangi zote za mchoro zimeorodheshwa kwa majina yanayoanza na FromSVG na kufuatiwa na namba ya rangi. Nafungua moja moja. Ile nyeusi naigeuza kuwa CMYK, naweka 0, 0, 0, na nyeusi 100, hapo sasa kwenye ile herufi unagusa wino mmoja tu. Bluu naichagua upya kwa asilimia za wino, siiachi ijigeuze yenyewe, naangalia kwenye kitabu cha sampuli za rangi cha mchapaji siangalii skrini. Maandishi yote nayaandika humo humo Scribus, kuyaingiza kutoka SVG kunaweza kukuvurugia nafasi. Naongeza milimita 3 kila upande za kukatia. Kabla ya kueksipoti yenyewe inakagua, picha ipi ina ubora mdogo, fonti ipi haipo, fremu ipi maandishi yamezidi hayaonekani, na mara mbili tayari imeniokoa na sentensi ya mwisho iliyokuwa imemezwa. Kile kitabu tulikichapa tena, nikaomba kile kioo, nikachungulia mwenyewe herufi moja baada ya nyingine, kingo safi. Nilifurahi jamani, kwa herufi ndogo ambayo msomaji hataiangalia kwa karibu maisha yake yote.

Kama unafikiria kuhama, fanya kitu kimoja kabla hujasitisha malipo yako, nakuomba sana. Tumia mwezi wako wa mwisho kutoa kazi zako. Mi nililazimika kulipa mwezi mmoja tena nilipopata kadi mpya, nikaingia na orodha, nikawa nafungua faili moja moja natoa nakala tatu: SVG yenye maandishi hai yanayoweza kurekebishwa, PDF ambayo maandishi yote yamegeuzwa kuwa maumbo, na PNG kubwa ya kuangalia inavyotakiwa kuonekana. Hiyo ya tatu usiidharau, kwa sababu utakapofungua SVG kwingine kuna kivuli kitapotea, kuna gradienti, ile rangi inayofifia kuingia nyingine, itageuka, na bila picha ya kulinganisha hutajua kilichopotea. Ilinichukua jioni 11. Kazi za picha nilizitoa kama PSD, GIMP na Krita zote zinaifungua na leya zake, ila baadhi ya marekebisho ya rangi na mitindo ya leya haiji kama ilivyokuwa, kwa hiyo usitegemee muujiza.

Na fonti. Hili hakuna aliyeniambia. Fonti nilizokuwa nazitumia zilikuwa zinakuja na yale malipo ya mwezi, kwa hiyo siku niliyotoka nazo zikatoka, nafungua SVG yangu nakuta kichwa cha habari kimegeuka fonti ya kawaida kabisa. Nikaanza kuzibadilisha na fonti zenye leseni ya SIL Open Font License, hizo unaruhusiwa kutumia kwenye kazi za biashara na kuziweka ndani ya PDF, kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Noto na Lato zote ziko kwenye leseni hiyo, na ni fonti zilizotengenezwa kwa umakini. Kwa nembo mbili nilirudi kwa wateja nikawaeleza ukweli, mmoja akakubali fonti mpya, mwingine akasema hapana, yake ikabaki maumbo na kila herufi mpya naichora kwa mkono.

Wapo watakaosema kwa nini usumbuke kote huko, si uchukue ile ya kulipia iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipa. Nimeipitia hiyo njia zamani, sitajifanya. Unapakua kitu kutoka kwa mtu usiyemjua, kinakwambia zima antivirusi kwanza, unazima, na kompyuta hiyo hiyo ndo ina kazi za wateja na nywila zako za benki. Afu bado mafaili yako yanakaa kwenye aina ile ile ya kufungwa. Haikutatulii lile lililonikuta usiku ule.

Siwezi kusema kila mtu ahame. Kama unafanya kazi kwenye timu ambayo faili moja linapita mikono 6 kwa siku na wote wako kwenye programu moja, ukihama peke yako utakuwa mzigo kwa wenzako, utawaharibia leya na watakuharibia. Kama unategemea marekebisho ya picha ambayo hayagusi picha ya asili, GIMP imechelewa sana hapo, vichujio vya namna hiyo vimekuja kwenye toleo la 3.0 la Machi 2025, kabla ya hapo ukiweka kivuli kimewekwa, ukijuta ni kurudi nyuma kwa Ctrl+Z. Inkscape nayo ukiweka ukungu mwingi kwenye mchoro mmoja inaanza kuburuza miguu, laptopu inapumua kwa nguvu, mi huwa nazima kuonyesha vichujio wakati nachora nawasha mwishoni. Haya ni matatizo ya kweli na mtu anayekwambia hayapo hajafanya kazi ya mteja.

Lakini kwa mtu kama mimi, anayefanya kazi peke yake na wateja wanaorudi baada ya miaka 3, 4, 5 wakitaka herufi moja ibadilike, sioni nikirudi. Kila mwaka nachangia kidogo miradi miwili kati ya hii, sehemu ya nilichokuwa nalipa, maana nyuma ya hizi programu kuna watu wanaokaa usiku kurekebisha kitu ambacho mimi asubuhi naamka nakikuta kimerekebishwa, na wengi wao wanajitolea.

Yule mama alipiga tena mwaka huu. Namba imebadilika tena, sasa hivi wana mtandao mwingine. Nilikuwa nimekaa na laptopu mbele yangu na nilishawahi kusikia kwamba SVG ndani ni maandishi matupu, nikataka nione kwa macho yangu. Nikabofya kulia kwenye faili la nembo, nikachagua lifunguke kwenye kihariri cha kawaida cha maandishi, kile cha kuandikia orodha ya vitu. Likafunguka. Mistari mingi ya namba, hizo ni pointi za yale majani, halafu rangi ya kijani ya nembo nikaitambua kwa namba yake inayoanza na alama ya reli, nikatafuta ile namba ya simu ya zamani na pale pale ikasimama, imekaa katikati ya mstari, tarakimu 10, inasomeka kama ilivyo. Nikazifuta nikaandika mpya. Nikasevu. Nikafungua Inkscape, nembo ikatokea na namba mpya imekaa mahali pake, fonti ile ile, rangi ile ile, nikatoa PDF.

"Dada, bado uko hewani?"

"Nipo mama. Angalia barua pepe, nimeshakutumia."